Mama Chantal, aliyefungua macho ya magari

Siamini bado. Jana tumemuzika huku Rubondo, kambini Nakivale, nimeona na macho yangu, na asubuhi hii nimeamka nikashika simu nimupigie.

Munaonifuata hapa munajua mimi napenda kusema mingi. Leo munivumilie.

Hii picha ilipigwa Mbarara mujini, kwenye washing bay, pale banaosha magari, alipofanya kazi. Mwenye gambuti na ndoo ndiye Mama Chantal, jirani yangu, Murundi, Mukatoliki wa kweli kweli. Musichana anayecheka nyuma yake ni Esther wangu. Ndiyo, ule muzuri. Nilimuzaa mimi.

Wenzake waliosha matope. Yeye kazi yake ilikuwa plastiki zile za kuonea: taa za mbele zilizokuwa njano sababu ya jua, na kile kifuniko cha mita, fasi dereva anaangalia mafuta. Ukimuuliza unafanya nini Mbarara, anajibu, "Nafungua magari macho."

Barabara ya Nakivale munaijua, vumbi mpaka kwenye meno. Dereva akipangusa mita na kitambaa kikavu, Mama Chantal alipiga kelele kama mtu ameibiwa kuku. "Wee! Unakwaruza! Maji kwanza!"

Na kitambaa hakikuwa kitambaa chochote. Alitaka kitenge kizee cha kubebea mutoto, kile kimefuliwa mpaka kimekuwa laini kama shavu. Batoto wangu wote walibebwa na kitenge kimoja, na kile kitenge kimeishia kwenye taa za mabosi wa Mbarara. Nani mwengine hapa anaweza kusema hivyo?

Esther alipomaliza senior four ya sekondari akakaa nyumbani tu, kazi hakuna. Mama Chantal ndiye aliyemupeleka kwa bosi wake. Bosi akasema, "Ajaribu kwanza. Akiharibu, anarudi kambi." Nyumba nzima tuliomba Mungu, sababu mulango mwengine haukuwepo.

Sasa musikie. Sisi huku, musichana anajulikana kwa sufuria. Unasugua na majivu mpaka unaona meno yako ndani yake. Na Esther wangu hakuna wa kumushinda, uliza mtu yeyote kwenye bomba la maji.

Basi bosi amemupa gari yenye taa za njano. Mama Chantal yuko kwa gari ingine. Esther akaenda kwa mama wa chapati, akaomba majivu, akasugua taa ya kulia. Na nguvu zote nilizomupa!

Na mimi ndiyo saa nafika, nimeleta bamama wawili wa korali ya kanisa waone mutoto wangu akiwa kazini. Tunakuta taa imechubuka yote, Esther analia, bosi ameshika kichwa.

"Banange! Hii gari ya mtu! Nani nasugua taa kama sufuria? Wewe msichana, chukua begi yako, rudi Nakivale!"

Mama mumoja wa korali akaninong'oneza, "Mama Esther, ndiyo kazi yenyewe uliyotuambia?"

Nilitamani kupanda boda niende bila kuaga.

Mama Chantal hakukimbia. Alimaliza mita aliyokuwa nayo, akaja, akapitisha kidole kwenye taa.

"Bosi, mwenye gari yuko wapi?"

"Yeye naenda benki. Yeye narudi saa hii hii!"

"Basi mwenye gari akisharudi, ndipo umufukuze huyu mutoto. Sasa hivi ana kazi."

Akabandika tepu kuzunguka taa zote mbili, rangi ya gari isiguswe. Akaosha, akaosha tena, mpaka mchanga wote na majivu vimetoka. Akatoa msasa wa maji. "Ya kushoto ni yangu. Hii uliyochubua ni yako. Angalia mukono wangu, usiangalie bosi."

Msasa mukali kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi, na maji hayakatiki. Taa ikageuka nyeupe kama uji, balbu huioni. Esther akasimamisha mukono.

"Mama Chantal, tumeiua!"

"Yoo, mutoto wangu. Sasa ndiyo inaanza kupona. Sugua."

Halafu polishi, na kitenge changu, kuzungusha pole pole. Uweupe ukapungua, ukapungua, na ndani balbu ikatokea, wazi kama maji ya kunywa.

Mwenye gari akarudi na haraka zake. Akasimama. "Mumeweka taa mpya?"

Bosi akamuvuta Mama Chantal kando. "Ya msichana ni gani?"

"Tafuta."

Akainama kulia, akainama kushoto, akarudi kulia. Akachoka. "Msichana, kesho kuja mapema."

Nilipiga vigelegele pale barabarani mpaka boda zikasimama. Bamama wa korali wakaitikia, hata yule wa kuninong'oneza!

Leo gari za maziwa zinatoka Bwizibwera zinamuulizia Esther kwa jina. Kwa jina, jamani! Ada za wadogo zake zinatoka kwenye ule mukono.

Presha ndiyo imemuchukua Mama Chantal, haikumupa hata nafasi ya kulalamika. Esther alikuwa kando ya kitanda, amemushika.

Mama Chantal, rafiki yangu. Miaka yote nimejisifu kanisani, sokoni, na hapa kwenye simu: "Esther mikono yake ni ya mama yake." Wewe ulikuwa unasikia na kucheka tu, hukunikatiza hata siku moja.

Leo nasema tena mbele ya batu wote. Esther mikono yake ni ya mama yake. Mama huyo ni wewe.

Pumzika sasa, dada yangu. Lala usingizi muzuri, huko hakuna kastoma wa kukupigia honi.