Kitanda cha Mkwe

Wiki ya mwisho ya likizo yetu Dar es Salaam ilikwisha kwa kusubiri kitanda. Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu ambaye ni Mtswana, na binti yetu anayesoma darasa la nne. Tulitoka Gaborone, tunakoishi, kuja kupumzika. Kwa wao wawili Dar ulikuwa mji wa kigeni tu, wenye joto na bahari na watu wanaoongea kwa kasi. Kwangu mimi ndiko nilikozaliwa, Temeke, ila nimekaa kwa watu muda mrefu kiasi kwamba wauza matunda walikuwa wananilangua bila hata kuona haya.

Tulipanga nyumba Mbweni, kaskazini kabisa, yenye geti na upepo wa bahari. Mama anakaa Temeke. Mtu akituangalia atasema tulifanya makusudi kumkimbia, maana kutoka huku hadi kule unakatiza jiji zima. Ukweli ni kwamba Mama mwenyewe ndiye aliyekataa tusifikie kwake. Aliniambia kwenye simu kabla hatujakata tiketi: "Njooni, ila msilale kwangu kwanza. Mkwe wangu nitamlaza wapi?"

Swali hilo halikuwa la mzaha. Sisi ni watu wa Kusini, na kwa watu wa rika la Mama, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawali pamoja, hawakai kochi moja, na zaidi ya yote hawakutani mlango wa choo, mmoja ametoka kuoga na mwingine ameshika ndoo. Nyumba ya Mama ina vyumba viwili na choo kimoja, kiko uani. Kwa hiyo tangu nilipoolewa alikuwa akijenga chumba kingine pale palipokuwa na banda la kuku, chumba chenye choo na bafu ndani, vile ambavyo madalali wa Dar huviita selfu, na mlango wake unaotazama nje. Alijenga kidogo kidogo, mara tofali, mara bati, mara anasimama mwaka mzima. Tulipofika mwaka huu kilikuwa kimeshapakwa rangi, pazia limetundikwa, feni inazunguka, na godoro jipya limeegemezwa ukutani likiwa bado ndani ya nailoni. Kilichokosekana ni kitanda. Alikuwa amekiagiza Keko kwa fundi mmoja, kitanda cha mninga, sita kwa sita, na fundi alikuwa ameahidi kwamba tutakikuta.

Hatukukikuta. Nilimwambia Mama tununue cha dukani, akaniangalia kama nimemtukana.

"Vya dukani si mbao, ni unga wa mbao umegandishwa na gundi," alisema. "Mkwe wangu na mwili ule, kitamshusha chini usiku."

Nikasema basi tutandike godoro sakafuni, usiku mmoja tu, hakuna atakayekufa.

"Chini wanalala waliofiwa. Kwani hapa kuna msiba?"

Mama hubishani naye, unasubiri achoke, na hachoki.

Nadhani ningeyachukulia yote hayo kama vituko vyake vya kawaida kama si yule shoga yake anayekaanga mihogo ng'ambo ya kichochoro. Wanapendana tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na wanachunguzana kwa bidii hiyohiyo. Huyo mama alikuwa ametuona tukija asubuhi na kuondoka jioni, siku baada ya siku, akasema mbele ya wateja wake kwamba mkwe wa fulani analala Mbweni kwa matajiri, Temeke inamnukia vibaya. Maneno yakamfikia Mama kabla mafuta hayajapoa. Alinisimulia huku anachambua mchele, macho yake kwenye ungo.

"Mie nataka alale hapa mara moja tu," alisema. "Niwe nimemlaza. Mkishaondoka, anayetaka kusema aseme."

Upande wa pili nilikuwa na mume aliyeamini kwamba mama mkwe wake hampendi. Kila siku, jua likianza kuelekea alasiri, Mama alisimama, akaanza kukusanya viatu vya mtoto na chupa za maji, akisema haya, foleni, mtachelewa. Mume wangu alisema hajawahi kufukuzwa kwa adabu namna ile. Aliniuliza amemkosea nini. Nikamweleza habari ya choo, ya mlango wa nje na ya kitanda. Akasikiliza kwa makini, akasema hata kwao wakwe wanaheshimiwa, ila heshima yao haimsubiri seremala.

Alhamisi nilikwenda Keko na Mama. Fundi wake ana kibanda kando ya barabara, makochi yamepangwa hadi kwenye mtaro, na vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. Alipotuona alitabasamu kama mtu aliyekuwa anatufuata. Alimpa Mama shikamoo ndefu, akaulizia afya, akaulizia wajukuu, akaleta kiti.

"Kitanda changu kiko wapi?" Mama aliuliza.

"Mama yangu, kitanda kipo. Ishu ilikuwa umeme. Mashine ya kuranda haikufanya kazi toka juzi. Saa hizi tunamalizia tu."

"Nioneshe."

Akatuonesha kichwa cha kitanda, kimelazwa juu ya meza, kimechongwa maua mawili makubwa katikati. Ilikuwa kazi nzuri, sina budi kusema. Miguu haikuwepo, mbavu hazikuwepo, chaga hazikuwepo. Mama alipitisha kiganja kwenye yale maua, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na nikaona kwamba fundi ameshashinda.

"Wanaondoka Jumapili," Mama alimwambia.

"Kesho jioni kinalala kwako, mama. Sista, we ni shahidi."

Sikutaka kuwa shahidi wa chochote. Njiani kurudi nilimwambia Mama kwamba yule mtu anamdanganya. Akanijibu kwamba fundi asiyedanganya hana wateja. Alikuwa mchangamfu, akanunua ndizi mbivu na kumsifia fundi kwa yale maua.

Ijumaa kitanda hakikuja. Badala yake fundi alituma picha kwenye simu ya Mama, kitanda kizima kinang'aa kwa vanishi, kimesimamishwa barabarani. Mama aliipeleka picha hiyo ng'ambo kwa shoga yake, wakaitazama wote wawili kwa muda. Ni binti yangu aliyegundua kwamba kitanda cha kwenye picha hakina yale maua tuliyomsimulia. Kilikuwa cha mteja mwingine. Mama alimpokonya mjukuu wake simu, akaizima, akaiweka kifuani, na hakwenda tena ng'ambo siku ile.

Jumamosi alikwenda Keko peke yake alfajiri na mapema. Sisi tulipofika kutoka Mbweni tulimkuta amesharudi, amekaa kwenye kibaraza cha chumba kipya, mlango umefunguliwa nyuma yake. Fundi alikuwa amepatwa na msiba Kibiti, amesafiri, kijana wake ndiye anayemalizia. Kuhusu msiba huwezi kumuuliza mtu maswali, na mafundi wanalijua hilo. Nilimkasirikia fundi, nikamkasirikia Mama, nikajikasirikia mwenyewe kwa kukaa tu na kutazama. Nilitaka niende mjini, ninunue kitanda chochote, nikilete na gari. Mume wangu alisema atalala kwenye kiti, kwa furaha kabisa, na nikamtafsiria Mama.

"Mshukuru," alisema Mama. "Mwambie mkwe wangu si mlinzi."

Jioni akasimama kama kawaida yake kukusanya viatu vya mtoto. Ulikuwa usiku wetu wa mwisho. Nilisubiri aseme neno, hata la kulalamika, maana angelalamika ningejua la kumjibu. Alisema foleni itakuwa mbaya, Jumamosi watu wana maharusi. Teksi yetu ilipogeuka kichochoroni nilimwona yule mama wa mihogo akitutazama, na kweli alikuwa anatabasamu.

Jumapili tulifunga mizigo, tukaiaga nyumba ya Mbweni na kuja na kila kitu kwa Mama, kwa kuwa kutoka kwake hadi uwanja wa ndege si mbali na ndege yetu ilikuwa ya jioni. Mama alikuwa ameagiza nyama Vingunguti, amepika supu na pilau. Mume wangu alikula peke yake sebuleni kama mkuu wa wilaya, sisi wanawake tukala uani. Mazungumzo yalikuwa ya kawaida. Mama alinipa ufuta na korosho za kupeleka, akamkumbusha mjukuu wake kusali. Hakutaja kitanda, na mimi sikukitaja.

Tulikuwa tunaosha vyombo kirikuu ya mizigo ilipoingia kichochoroni kwa kurudi nyuma, imebeba mbao zilizoviringishwa kwenye mablanketi. Kijana wa fundi alishuka akiwa na nyundo, akampa Mama shikamoo. Mama hakumuuliza umechelewa wapi. Alijifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Ingiza."

Kuunga kitanda hakukuchukua muda. Kelele za nyundo ziliwatoa watu majumbani, na mama wa mihogo alisogea hadi kizingitini na upawa wake mkononi. Chumba kilijaa harufu ya vanishi hadi macho yakawasha. Godoro likavuliwa nailoni. Mama akatandika mashuka meupe ambayo sijawahi kuyaona, akayavuta kila pembe, akapiga mito, akatoka nje na kusimama mbali na mlango kama inavyompasa.

"Mwambie alale."

"Mama, tunaondoka."

"Najua mnaondoka. Kwani nimesema msiondoke? Mwambie alale."

Nilimwambia mume wangu. Nilimwambia haraka na kwa aibu, kama mtu anayeomba msamaha kwa ajili ya mwingine. Yeye hakucheka. Alivua viatu, akavipanga pembeni kwa unadhifu, akaingia na suruali yake ya safari, akafunga mlango.

Mama alichukua kigoda, akakiweka kati ya kichochoro na kile chumba, akakaa. Mtoto alipopita akikimbia alimkamata mkono. Vijana waliokuwa wamefungulia muziki wa singeli nyumba ya tatu walitumiwa mtu wa kuwaambia wapunguze. Kwa kila aliyepita na kusalimia, Mama aliitikia kwa sauti ya chini, kisha akaongeza, "Mkwe wangu amelala." Alimwambia muuza maji. Alimwambia mzee wa msikitini, ambaye hakuwa ameuliza. Alimwambia kijana wa fundi aliyerudi kufuata nyundo yake aliyoisahau, akamkatalia kuingia, akamwambia atakuja kuichukua kesho. Sijawahi kumwona Mama na furaha iliyotulia namna ile. Nilimwonea huruma, halafu nikaona wivu, maana mimi nililala nyumba ile miaka yote ya utoto wangu na hakuna aliyewahi kumnyamazisha mtu kwa ajili yangu.

Muda wa kwenda uwanjani ulifika, ukaanza kupita. Nikasimama.

"Mwache kidogo," alisema Mama, bila kunitazama.

Nikamwacha kidogo. Binti yangu alikuwa ameshavaa begi lake mgongoni. Dereva wa teksi alipiga simu akisema yuko barabarani. Nikasimama tena, na safari hii Mama hakunizuia.

Nilifungua mlango polepole. Mume wangu alikuwa amelala chali katikati ya kitanda, mikono juu ya tumbo, soksi zake zimenyooka, na macho yake yako wazi kabisa, anaitazama feni. Alikuwa amejaa jasho. Aliniuliza kwa kunong'ona, Mama alikuwa anawaambia nini watu muda wote ule.

"Anawaambia umelala."

Alirudisha macho kwenye feni.

"Basi nimelala," alisema, akafumba macho.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mbao hazikulia hata kidogo. Alibaki vilevile, anapumua taratibu kama mtu aliye usingizini kweli, mpaka dereva alipopiga simu mara ya pili. Ndipo akaketi, akavaa viatu, na kwa hiari yake mwenyewe akavuruga mashuka upande mmoja na kubonyeza mto katikati.

Nilitangulia kutoka. Mama aliinuka kwenye kigoda, ameshika magoti.

"Umemwamsha?"

"Nimemwamsha."

"Alikuwa amelala kweli?"

"Alikuwa anakoroma, Mama."

Mama alinitazama usoni kwa muda. Ni mtu aliyenilea, sidhani kama niliwahi kumdanganya akadanganyika. Kisha akageukia ng'ambo ya kichochoro, na sauti ambayo alikuwa ameibana muda wote ule akaiachia.

"Shoga, umesikia? Mpaka anakoroma."

Yule mama aligeuza mihogo yake karaini, akajibu kwamba amesikia.