Mfunga Maji wa Kitangari

Bibi yangu mzaa mama, wa Newala, alimjua mumewe kwa visigino. Ngoma ya mapiko ilipotoka na mcheza kinyago akaruka uwanjani, amefunikwa mwili mzima, bibi aliona kisigino cha kushoto chenye kovu la jembe, akajua huyo ndiye aliyekunywa uji wake asubuhi. Hata hivyo alipiga kelele na kukimbia pamoja na wenzake, maana desturi ilitaka hivyo: kwa wanawake yule ni mzimu, si mtu. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinishangaa.

"Kujua ni kwangu," alisema. "Kusema ni kwa wote."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikaona ni maneno ya kizee. Nina tabia moja mbaya nami naijua: nikikijua kitu, ulimi unaniwasha.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mmoja wa maadmini watatu wa grupu la wapenzi wa anime, zile katuni za Kijapani, tukijadiliana kwa Kiswahili. Kazi yangu ilikuwa kuchapa na kutoa kopi katika duka la steshenari Masasi mjini, na kati ya mteja na mteja nilikuwa grupuni. Mle hakuna aliyetumia jina lake. Mimi nilikuwa Pilipili. Kulikuwa na Upanga Butu, ambaye hakuwahi kuandika neno, kazi yake stika tu. Na kulikuwa na Kibatari, aliyeandika kwa nukta na mkato kama anasahihisha daftari, nasi tulimcheka kwa hilo.

Mwaka ule tuligombana juu ya katuni moja yenye mji mlimani na mji bondeni, na chemchemi moja inayowanywesha wote. Chemchemi inaanza kukauka, na mwanamke mzee anayelinda lango la maji analifunga. Mji wa juu unasalimika. Wa chini unakufa kwa kiu, nyumba baada ya nyumba, na yeye kule juu anawasikia. Msimu wa kwanza uliishia hapo. Karibu grupu zima lilimwita shetani, na mimi nikampa jina lililoshika siku hiyohiyo: Mfunga Maji.

Kibatari peke yake alimtetea. Aliandika: "Tazameni mikono yake anapolifunga lile lango. Mchoraji ameichora ikitetemeka. Shetani hatetemeki." Nilikirudia kipande kile mara tatu, nikaona kweli mikono inatetemeka, na hilo likaniudhi zaidi. Hakuna kinachoniudhi kama mtu aliyeona jambo kabla yangu.

Tukaendelea hivyo wiki nzima. Nilimrushia maneno, naye akanijibu kwa upole, na upole wake ulikuwa unanichoma. Mwishowe alichoka. Mchana mmoja, mteja akiwa amesimama mbele yangu na cheti chake mkononi, ujumbe wake ukaingia: "Ninyi mnaofungua bomba ukutani hamwezi kumhukumu yule mama. Hamjapandisha medi mlimani mkiwa na miaka tisa, ndoo inawamwagikia kisogoni."

Medi ni maji, kwa Kimakonde. Nilicheka peke yangu hadi mteja akaniuliza kulikoni. Neno lile lilikuwa la bibi yangu, lilikuwa la likizo zangu zote za utotoni. Ningeweza kumwandikia pembeni. Badala yake nikaandika mbele ya watu mia mbili: "Medi! Jamani, huyu ni wa kwetu huyu, wa Newala kabisa. Kwa hasira hizi za ndoo, naapa ni wa Kitangari."

Akajibu: "Umenijua, dada. Ni wa Kitangari." Akaweka na ua.

Nilifurahi sana siku ile. Huku kwetu kumtambua mtu wa nyumbani ugenini ni sawa na kuokota kitu barabarani. Unakiinua juu kila mtu akione. Sikufikiri kwamba na wengine wana macho. Mmoja alikumbuka kuwa Kibatari aliwahi kulalamika juu ya rundo la madaftari. Basi ni mwalimu. Mwingine akakumbuka kwamba ni mwanamke anayeishi peke yake. Mwalimu mwanamke, anaishi peke yake, Kitangari. Haikuchukua siku tatu mtu akaweka picha iliyopigwa kwenye mahafali ya darasa la saba: mwanamke wa makamo, miwani, kitenge cha bluu. Chini yake ameandika: MFUNGA MAJI WA KITANGARI AMEPATIKANA.

Mimi nilikuwa admini. Ningeifuta kwa kidole kimoja. Niliitazama ile picha, nikaona mtu mnyonge tu, si yule mshindani wangu, na nikaona kwamba hatimaye ugomvi nimeushinda. Nikaweka stika ya kucheka.

Jioni ile Kibatari aliandika ujumbe wake wa mwisho. "Naomba mfute picha hiyo. Hapa kwetu mashine ya maji imeharibika, ni wiki ya tatu, na watu hawana utani. Tafadhali." Nilisema moyoni nitaifuta nikifika nyumbani. Nilipofika nikakuta watu wamefungua mjadala mpya juu ya msimu wa pili, nikajiingiza humo. Asubuhi Kibatari alikuwa amejitoa grupuni.

Picha ile ilirudi kwangu baada ya siku tisa, na haikurudi kutoka kwa mpenzi yeyote wa anime. Ilitoka kwa mama yangu mdogo wa Mkunya, mkulima wa korosho, mtu ambaye simu yake ni ya kwaya na misiba. Ilikuwa imekatwa pembeni, imechakaa kwa kupita mikononi mwa watu, na zile stika zetu za kucheka hazikuwapo tena. Yamebaki maneno tu. Chini yake mama mdogo ameandika: "Mwanangu, wewe unayeelewa mambo ya mtandao. Ni kweli huyu mwalimu ndiye anayefunga maji huko Kitangari?"

Nikampigia palepale.

"Mama mdogo, shikamoo. Ile ni katuni. Ni mchezo tu wa kwenye simu."

"Marahaba. Katuni gani hiyo inayokausha bomba?"

Nikamweleza mlima, chemchemi, lango, mwanamke mzee. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe jinsi yanavyosikika. Mwanamke analinda maji. Mwanamke anafunga maji. Watu wanakufa. Mama mdogo aliniacha nimalize, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi ndiyo hayohayo wanayosema."

Nikaifuta picha grupuni. Ilikuwa kama kufunga banda wakati kuku wameshaliwa.

Jumamosi nikapanda kwenda Newala, na kutoka hapo hadi Kitangari. Ilikuwa kabla ya mvua, vumbi jekundu limekaa juu ya mikorosho, na kwenye bomba ndoo zilikuwa zimepangwa foleni ndefu, nyingine zina mawe ndani ili upepo usizichukue. Maji hayakuwa yakitoka. Wanawake walikuwa wamekaa kivulini wakilinda nafasi zao. Niliwaamkia wakaitikia vizuri. Nilipouliza nyumba ya mwalimu, wakageuza nyuso kwenye ndoo zao. Hatimaye mmoja akaielekeza kwa mdomo tu, bila kuinua mkono.

Uwanja wake ulikuwa umefagiwa. Mlangoni palikuwa na ndoo tupu, imefunikwa kifudifudi juu ya kizingiti. Niliikwepa, nikapiga hodi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimetoka Masasi. Ni wa kule grupuni, kwenye anime."

Uso ulioniangalia ulikuwa umekonda kuliko ule wa kwenye picha. Ulichangamka ghafla hata nikaona aibu. "Marahaba, karibu, karibu sana," alisema, halafu akaiona ile ndoo, akaiinua na kuiweka kando pamoja na nyingine nne. "Kila asubuhi naikuta, ndivyo wanavyonidai maji. Leo ni ya tano. Si ndoo moja, kila siku ni ya nyumba nyingine."

Akaniambia kwamba mwenye baiskeli anayemletea maji siku hizi hafiki mlangoni, anaacha dumu barabarani. Watoto wa masomo ya jioni wameacha kuja. Ameandika barua ya kuomba uhamisho, hajajibiwa. Alieleza taratibu, kama anasoma ratiba. Kisha akanichotea kikombe cha maji kutoka mtungini, akanipa kwa mikono miwili, nami nikanywa.

"Na wewe mle grupuni ni nani?" aliuliza.

Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi. Nikasema, "Upanga Butu."

Alicheka, cheko la kweli. "Ah, wewe mtu wa stika." Akavua miwani. "Na yule Pilipili unamfahamu? Alinitambua kwa neno moja. Miaka yote naangalia katuni peke yangu humu ndani, sina wa kumwambia, kumbe kuna mtu wa kwetu. Siku ile nililala nimefurahi." Akapangusa miwani yake kwa kitenge. "Nadhani yeye angeifuta ile picha. Labda hakuiona."

"Labda," nikasema.

Niliaga upesi. Kule bombani wale wanawake walikuwa wamesimama sasa, wananisubiri, na wamekuwa wengi zaidi. Yule aliyeelekeza kwa mdomo alisogea mbele yangu hadi nikalazimika kusimama.

"Mwanangu," alinong'ona, "umekunywa medi ya kule?"

Nikapangusa midomo kwa kiganja. "Sijanywa," nikasema, na wakanipisha njia.