Kuvumwani Ndani ya Ndoo

Wapo waliozaliwa na ulimi, wapo waliozaliwa na miguu ya kutembea. Bi Kausha alizaliwa na tambara mkononi. Jina hilo si la kwao. Alilipata kazini, kwenye ghala la mimea mikavu, kwa sababu akipiga deki sakafu hukauka kabla hajageuka nyuma. Tambara hulikamua, akalikamua tena, kisha huliweka shavuni. Shavu likisikia baridi, tambara linarudi kukamuliwa. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake, mwanamke mkali kuliko siki, na mpaka leo hajatokea wa kumwonyesha njia iliyo bora.

Na mle ghalani maji ni adui. Makabati ya chuma yamejipanga toka mlangoni hadi dirishani, na ndani yake majani ya dunia nzima yamelala, makavu kama karatasi. Aliyemtangulia Bi Kausha aliacha ndoo ikavuja chini ya kabati, ukungu ukala droo nzima, mwenyewe akaonyeshwa lango. Bi Kausha hakuisahau hadithi hiyo. Alikuwa mjane, tegemeo lake mikono yake. Tena alikuwa na jambo moja la kutembea nalo kifua mbele: hajawahi kuharibu cha mtu.

"Dada, leo umekausha mpaka mate?" bawabu humtania akipita langoni kimya.

"Nimeyaweka akiba, shemeji. Nitakutemea ukisinzia."

Asubuhi moja mtunza ghala, daktari wa mimea aliye rika la binti wa mwisho wa Bi Kausha, aliitwa ghafla na wakubwa. Akaacha mezani bahasha mbili wazi, zimelala bega kwa bega. Bi Kausha akaingia. Akaona vitu vya kahawia vimesinyaa kama tumbaku iliyomwagika, vingine juu ya bahasha, vingine mezani. Mimea ya ghala lile aliijua: ina shina, ina majani, imebandikwa kwenye karatasi pana. Haya yalikuwa makombo. Nani kala nini hapa? Akayazoa yote kwa tambara, ya kushoto na ya kulia, akazikunja zile bahasha vizuri, akatoka uani penye bomba na kulisuuza tambara ndooni.

Alipoinama kumwaga, mkono ukaganda.

Makombo yalikuwa yanajinyoosha. Kimoja kimoja kilifunguka, na ukijani ukapanda ndani yake kama damu inavyorudi usoni kwa mtu aliyezimia. Vilikuwa vijiti vifupi kuliko unywele wa kope, kila kimoja kimevaa majani yaliyobanana kama magamba ya samaki, na ncha zake ziling'aa kama fedha. Bi Kausha aliyezika mume, aliyeona mafuriko yakibeba nyumba na paa lake, alijikuta amepiga magoti kwenye saruji.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Kumbe mlikuwa mmelala tu?"

Ndipo akili ikamjia. Haya si makombo. Na mtaro wa maji machafu uko palepale. Angemwaga, nani angejua? Upepo ungebebeshwa lawama, na upepo hauna lango la kuonyeshwa. Akainyanyua ndoo. Akavitazama tena vile vya kijani. Akaitua.

"Mficha uchi hazai," akajiambia kwa hasira, akafuata kijiko chake cha chai na sahani safi, akaanza kuvichota.

Daktari alimkuta hivyo.

"Mama, unafanya nini?"

"Nimekuharibia kazi, mwanangu. Vya mezani nimevizoa nikidhani uchafu. Vimo humu. Kama ni lango, nalijua lilipo."

Daktari akachungulia ndooni. Uso ukamshuka. "Vya bahasha zote mbili?"

"Zote."

"Pamoja?"

"Tambara lenyewe moja, mwanangu. Pamoja."

Daktari akaketi kwenye ngazi. "Kulowa si neno," akasema. "Hii ni kuvumwani, ile mimea midogo inayotanda kwenye mawe na kuta zenye unyevu. Hata mimi huilowesha kidogo nikitaka kuiona vizuri. Hukaa kavu muda mrefu, ikipata maji inakunywa na kujinyoosha. Tabu ni kuchanganya. Bahasha moja ilitoka nchi ya barafu, kusini kabisa, ambako mti hauoti. Mtu alipanda meli kuifuata. Na ya pili..." Akaonyesha kidole kwenye ufa wa saruji chini ya bomba. "Ya pili niliichukua hapo, juzi."

Bi Kausha akautazama ufa. Kile kizulia cha kijani chenye kung'aa!

"Huyu? Huyu mshenzi ninayemsugua kila Jumamosi?"

"Huyo huyo. Aina ni moja."

"Basi watenge. Si una hadubini?"

Wakaingia ndani. Daktari aliinamia hadubini yake mpaka shingo ikamuuma, akigeuza kijiti hiki na kile kwa sindano. Mwisho akatikisa kichwa. "Siwezi, mama. Nani wa barafuni, nani wa bombani, kwa macho siwajui."

"Sogea nione."

Alichokiona Bi Kausha hakukipatia neno. Msitu mzima, wa kijani na wa nuru, ndani ya tone la maji. Akakaa palepale.

"Alifikaje huko barafuni?" akauliza bila kuinua uso. "Miguu hana, mbawa hana."

"Wala ua, wala mbegu. Huzaa vumbi, jepesi kuliko unga. Upepo unalibeba. Pengine hunasa kwenye nyayo."

Daktari alisahau ile hasara, akafungua makabati akimwonyesha. Hawa, mama, huivika miti ya mlimani ndevu. Hawa ni binamu zao, bapa kama ulimi, wameitwa kwa jina la ini, hujilaza kando ya maporomoko. Hawa huishi juu ya jani la mti mwingine, jani lingali hai. Hawa hukaa juu ya mwamba wa jangwani wakingojea mvua. Wapo wasiopatikana popote ila bonde moja. Na wapo kama yule wa bombani, ambao karibu hakuna walikokataa kukaa.

Vumbi! Maisha yake yote alipigana nalo. La kwake alilolikung'utia dirishani lilikwenda kutua wapi?

"Sasa niandike nini kwenye bahasha mpya?" daktari akauliza. "Aliyepanda meli atataka kujua."

"Andika zimechanganywa na Bi Kausha, kwa mkono wake. Usiandike 'mfanyakazi'. Mimi nina jina."

Wakubwa walisoma, wakamwita. Alisimama mbele yao wima kama mlingoti, hakusingizia upepo wala macho. Lango hakuonyeshwa. Ila walimkataza kugusa meza tangu siku hiyo. Abaki na sakafu. Katazo hilo lilimchoma kuliko alivyotaka watu wajue. Bahasha mpya ikarudi kabatini, na jina lake juu yake, herufi chache kati ya zile anazozijua.

Jumamosi alisugua ngazi za uani kama kawaida, maana watu huteleza. Alipofika kwenye ufa wa bomba akainua burashi, akauzunguka.

"Dada, umezeeka?" bawabu akasema, akisogea kunawa. "Umeacha uchafu."

"Toa kiatu hapo, shemeji. Huyo ana ndugu kwenye barafu."

Bawabu akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini mguu aliuondoa.