Nguruwe Aliyefia Upande wa Pili

Sisi wa Kisawasawa tunaishi katikati ya sheria. Ukipanda kuelekea mlimani ni hifadhi, na huko hata kijiti cha kuni ni kesi. Ukishuka kuelekea Mto Kilombero unakuta pori tengefu, ambako mwenye kibali, msimu ukiwa wake, anapiga sheshe, yule swala wa bondeni, mchana kweupe na kupiga picha naye. Katikati ni sisi na mahindi yetu, na hapa nguruwe pori akiingia shambani tunaruhusiwa kumtoa. Nguruwe ni yuleyule. Anageuka mwizi au mali ya serikali kutegemea amekanyaga wapi, na mimi ndiye natakiwa nijue.

Najua, wala nisisingiziwe ujinga. Bikoni ya mpaka iko mwisho wa shamba langu. Nimelima pembeni yake miaka yote na sijawahi kuipita na jembe.

Mume wangu ni marehemu, kwa hiyo anayenilindia shamba ni mjomba, kaka wa mama, mzee mwenye gobole na kibali chake. Mwaka huo mahindi yalikuwa yamebeba vizuri. Asubuhi moja, ndio kwanza kunapambazuka, mjomba alilikuta dume la nguruwe limelaza mstari mzima wa mahindi, akalipiga. Likaanguka, likainuka, likakimbia linapepesuka, likapita bikoni na kuzama kwenye majani ya hifadhi. Tukawa tunalisikia likikoroma humo.

Mjomba alisimama kwenye bikoni akifikiri. Katika ukoo wetu mwindaji haachi mnyama na jeraha. Si huruma tu. Njia ya wanawake wanaokwenda kuchota maji inapita palepale, na nguruwe aliyejeruhiwa hana simile na mtu. Lakini kuingia hifadhini na silaha ni jela, hilo nalo mjomba alilijua. Basi akafanya alichoona ndicho cha kisheria. Akanipa mimi gobole.

"Shika hili, mwanangu. Usivuke."

Akaokota rungu lake, akavuka peke yake. Baada ya muda kidogo mkoromo ukakoma.

Askari wa hifadhi walikuwa wameshasikia mlio. Walitokea wawili, wakamkuta mjomba amesimama juu ya nguruwe. Mkubwa wao, kijana tu, akamwamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mzee," mjomba akaitikia marahaba, ndipo akaambiwa yuko chini ya ulinzi. Adabu ile mpaka leo inanikera.

"Mzee, huyu umemuua wapi?"

"Nimempigia kwenye mahindi, nimemuulia hapa."

Kwa wawindaji wa kwetu, kupiga na kuua ni maneno mawili. Mnyama anapigwa pale risasi inapoingia, anauawa pale pumzi inapotoka. Ukimuuliza mwindaji wa kweli atakueleza yote mawili, kila moja na mahali pake, la sivyo wenzake watamwona mbabaishaji. Askari alisikia la pili tu.

Kisha akaniona mimi upande wa kijiji, nimekumbatia gobole.

"Mama, silaha ya nani hiyo?"

"Ya mjomba."

"Na kibali chenye jina lako kiko wapi?"

Jamani. Angevuka nalo, kosa. Kaniachia mimi, kosa. Damu ilinipanda kichwani.

"Mwanangu, hebu nielekeze," nikamwambia. "Mjomba angeliweka wapi hili gobole? Angelitundika hewani?"

"Angemwacha mnyama."

"Ili amrarue nani?"

Nikamuuliza pia mbona wakati nguruwe anatafuna mahindi yangu hakuwa mali yao.

Wakampakia mjomba nyuma ya gari pamoja na nguruwe, kumpeleka Ifakara. Mimi sikualikwa. Nilipanda mwenyewe na matope yangu miguuni, nikakaa karibu na nguruwe. Niliogopa, nisiseme uongo. Mjomba ana kifua kibovu, na nilijua wakimfunga hatatoka mzima.

Ofisini kwao tulimkuta afisa, mtu wa makamo. Alitusikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Nadhani alituonea huruma.

"Tufupishe," akasema. "Mkiniambia nguruwe alifia shambani, hapo mlikuwa mnalinda mazao, na mzee anaondoka na silaha yake. Mkisema alifia hifadhini, silaha inabaki na kesi inakwenda mahakamani."

Akamgeukia mjomba.

"Nimeshasema," mjomba akajibu. "Nimemuulia kule."

Afisa akashusha pumzi, akanigeukia mimi. "Mama, wewe ulikuwepo. Nguruwe alifia wapi?"

Neno moja tu lingemrudisha mjomba nyumbani na gobole lake begani. Nikamtazama. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa, alikuwa ananisubiri tu. Nami hasira ikanishika upya. Mpaka wamechora wao, sheria wameandika wao, halafu uongo wa kuzishonea viraka tuutoe sisi?

"Alifia kwenu," nikamwambia, "ameshiba vya kwetu. Andika hivyohivyo."

Mjomba alipata dhamana jioni ile. Gobole wanalo hadi leo, na nguruwe wanajua, maana wanaingia shambani bila wasiwasi. Kesi inaahirishwa kila tukienda, nasi tunakwenda, mjomba akikohoa njia nzima. Kila akisimama anaulizwa alimuua wapi, na kila mara anajibu yote mawili, polepole, bila kupunguza. Mimi nakaa benchi la nyuma, naangalia kalamu ya anayeandika, nihakikishe na yale mahindi wameyaandika.