Niliahidi rangi mbili kwa gari moja

Shalom wapendwa. Nimesoma visa vya wenzangu hapa muda mrefu, nikiwaombea kimyakimya, sikujua iko siku na mimi nitakuja kuomba. Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Wakongo wa Sydney tunajuana wote. Mimi ni baba wa miaka hamsini na tatu, mzaliwa wa Uvira, nina mke na watoto wanne. Shule niliishia darasa la sita. Tunakaa huku pembeni ya mji, upande wa Penrith, na kazi yangu ni kuendesha lori la makontena kutoka bandarini.

Udereva wa nchi hii nilifundishwa na jirani yangu, mzee wa Kizungu, aliyefiwa na mke, asiye na mtoto. Tulipofika kutoka kambi ya wakimbizi ndiye wa kwanza kutugongea mlango, amebeba ndoo ya malimau. Nyuma ya nyumba yake, chini ya turubai, kulikuwa na gari la ujana wake. Milango miwili, boneti ndefu, injini ya V8 ambayo ikiwashwa vikombe vinatetemeka kabatini. Kutu ilikuwa imelila sana. Mwaka juzi macho yake yalipoanza kuzima akahamia nyumba ya wazee, na siku ya kuhama akanikabidhi funguo.

"Ni lako, rafiki," akasema. "Ila lirudishie rangi yake ya chungwa, na mistari miwili myeusi juu ya boneti. Aliichagua mke wangu. Baba mkwe alisema tumenunua gari la zimamoto lililochanganyikiwa." Akacheka mpaka akakohoa. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mzee, nakuahidi."

Nikalivuta mpaka gereji yangu, nikaanza kulishughulikia kila Jumamosi. Nilikata bati bovu, nikachomelea jipya, nikasugua mpaka vidole vikafa ganzi. Jumapili nikitoka kanisani napita kwake namsimulia nilipofika.

Sasa mwaka jana mke wangu aliugua tumbo, akapasuliwa haraka. Daktari alituambia tujiandae. Wapendwa, nilipiga magoti pale kwenye kolido watu wanapita, nikasema, Bwana, ukinirudishia mama wa watoto wangu, lile gari nitalipaka jeupe, litabeba maharusi wa kanisa lako bure mpaka nife. Mke wangu akafungua macho kesho yake. Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda, nikaitaja nadhiri yangu mbele ya kanisa zima. Akina mama walipiga vigelegele. Mchungaji akatangaza hapohapo kwamba Mungu amewapa maharusi wetu gari jeupe.

Nawaambia kweli, siku ile yule mzee sikumkumbuka hata kidogo. Nilimpa Mungu kitu ambacho nilishampa mtu.

Nikawa namkwepa mzee. Nikienda, nakaa dakika chache. Jumapili mbili zilizopita manesi wakaniambia kifua chake ni kibaya na haoni tena kabisa. Akaniuliza, "Wameshapaka?" Mdomo ukajibu wenyewe, "Wameshapaka, mzee. Linang'aa." Akaomba nimpeleke akaliguse. Ningekataaje? Nikampeleka nyumbani kwangu, nikamshika kiwiko mpaka gereji, akaweka kiganja juu ya boneti, akakipitisha polepole.

"Mstari unaanzia hapa?"

"Hapohapo, mzee."

Akaanza kulia. Akasema, "Asante kwa kumrudisha mke wangu." Gari lilikuwa la kijivu, lina rangi ya msingi tu. Mimi mshirika wa meza ya Bwana nimesimama namdanganya kipofu.

Nilimweleza mke wangu nikidhani atanihurumia. Akasema, "Baba Furaha, huyo mzee haoni. Paka nyeupe, umwambie ni chungwa, afe na furaha yake. Ila nadhiri yangu usiiguse. Au unataka nirudi kwenye kile kitanda?"

"Mama, Mungu hafanyi biashara namna hiyo."

"Mbona wewe uliifanya?"

Mchungaji naye nilimfuata, akanisikiliza vizuri, akasema neno likishatoka mbele za Mungu halirudi, niende nikafunge na kuomba. Nimefunga siku tatu. Nimepata njaa, jibu sijapata.

Fundi wa rangi, mtu mwema wa kule Fairfield, alipoona ninavyobabaika akasema, "Basi tupake nyeupe nje, chungwa ndani, kila mtu apate chake." Nikaona nimepona. Nilipomwambia mke wangu akanitazama toka juu mpaka chini, "Na Mungu naye unampaka nje tu?"

Fundi anataka jibu Ijumaa hii. Anaanza na chumba cha injini na kingo za milango, na akishapuliza huko hakuna kugeuza. Harusi ya kwanza iko karibu, bibi harusi ni binti wa shemasi wetu, ameshasema watapiga picha pembeni ya gari jeupe. Mzee naye anaomba nimpitishe mtaani akiwa amekaa ndani, asikie majirani wanasema nini wakiliona. Jumatano iliyopita mke wangu alishikwa na tumbo kidogo, akajishika ubavu, akanitazama tu. Nilijua anawaza nini, maana hata mimi nilikuwa nawaza hilohilo. Siku hizi nikiinama kuomba nauona mkono wa yule mzee juu ya boneti, nainuka sijasema amina.

Wapendwa, sikuja kuuliza rangi ipi inapendeza. Nimebakiwa na siku nne. Wenye hekima na wenye kumjua Mungu, nisaidieni: kati ya mzee, mke wangu na kanisa, niende nikasimame mbele ya nani kwanza, na nikishasimama nianze kusema nini?