Digidigi wa Wazo

Wewe unayemjua digidigi kwa picha tu, nikwambie: jina lake hakuna mtu aliyekaa akalibuni. Ni kanyama kadogo, kasikofika hata magotini, na kakishtuka hutoa mlio wa puani, digi-digi-digi, huku kakirukaruka huku na kule. Watu wakausikia, wakamwita hivyohivyo.

Mlio huo niliusikia Wazo, nje ya mji, kwa bibi mzaa mama, nilikopelekwa kila likizo miaka ile mitumba ilipoanza kujaa mjini. Asubuhi tulikula muhogo wa nazi. Vumbi la saruji kutoka kiwandani lililala juu ya kisamvu, tukakiosha weee kabla ya kukitwanga. Nyuma ya shamba palikuwa na kichaka, na humo waliishi digidigi wawili, dume na jike. Mmoja akilia, mwenzie anaitikia.

"Wanaulizana kama wapo," bibi alikuwa akiniambia. Niliwapenda kupita kiasi.

Jirani yetu naye alizipenda kunde zake, na wale wawili walikuwa wakizimaliza. Akatega nyaya. Kwetu pale mnyama wa mtegoni haliwi mpaka achinjwe angali hai, kwa hiyo jirani alikuwa na sikio kichakani na kisu kiunoni. Asubuhi moja mlio ukazidi. Jirani akatoka mbio, mie nyuma yake nikilia, "Babu, mwachie! Mwachie!" Tukamkuta jike kanyongwa na waya, mwili bado wa moto.

"Kibudu," jirani akasema, akakirudisha kisu. "Kafa bure, mjukuu wangu." Akamzika mwenyewe, halafu akang'oa nyaya zake zote bila kuambiwa na mtu.

Dume akabaki anaita. Anaita, ananyamaza, anaita tena. Bibi aliacha ufagio akamsikiliza. Nilimwomba Mungu amletee mwenzie kutoka msitu wa ng'ambo, lakini huko watu walishaanza kufyeka viwanja. Likizo iliyofuata, hata begi sijatua, nilikimbilia nyuma ya shamba. Kimya. Nililia siku hiyo, na bibi hakunikataza.

Bibi hayupo tena. Mwezi uliopita nilipita pale. Ni kuta na mageti matupu. Hamu ikanishika, nikasimama barabarani, mtu mzima mimi, nikamwigiza: digi-digi-digi. Mlinzi akachungulia getini.

"Shikamoo mama. Unamwita nani?"

"Marahaba. Namwita digidigi."

Akanitazama kwa huruma, akaniuliza ni paka au mbwa, na amepotea lini.