Ndizi za Kiti cha Nyuma

Kampuni ya bima ilikataa kunilipa kwa sababu ya ndizi. Leo naandika haya nikicheka, maana gari liko nje limeoshwa, na mume wangu amelala usingizi wake wa mchana kwa raha. Wakati ule sikucheka hata kidogo.

Tunakaa Mghange, juu, ambako barabara inapinda na kupinda mpaka mgeni anaanza kusali kimoyomoyo. Mume wangu ana ugonjwa wa figo. Kila Jumanne na kila Ijumaa lazima ateremke hospitalini Voi, alale kando ya mashine ya kusafisha damu, kisha apande tena mlima akiwa hoi kama mtu aliyelima shamba zima peke yake. Nilipostaafu ualimu nilinunua gari dogo lenye buti refu kwa kazi hiyo tu. Sikutaka mume wangu asimame stejini akingoja gari lijae.

Na kwa kuwa Voi naenda nipende nisipende, majirani hupanda. Mwenye kwenda hospitali, mwenye kwenda benki, mwenye kumpokea mjukuu kituo cha treni. Silipishi mtu. Atakayenitolea noti nitamrushia. Lakini kwetu hakuna anayeshuka kwenye gari la mwenzake akaliacha kama alivyolikuta. Ukigeuka unakuta fungu la sukuma wiki kwenye buti, au nduma mbili zenye udongo wake, au mayai ndani ya kitambaa. Hakuna anayesema kitu, wala hakuna anayeshukuru kwa sauti. Ni adabu tu, kama kubisha hodi.

Bingwa wa adabu hiyo ni jirani yangu wa bondeni, mama mzee mjane ambaye kijiji kizima humwita Nyanya. Yeye huacha ndizi za kisukari, zimefungwa kwenye jani la mgomba, katikati ya kiti cha nyuma. Mume wangu amekatazwa ndizi na daktari, na parachichi pia, kwa hiyo nazila mimi, na kusema kweli zimeninenepesha.

Ijumaa ya ajali walikuwa abiria wawili kiti cha nyuma: Nyanya, aliyekuwa anapeleka macho yake yaangaliwe, na fundi mmoja wa mawe wa pale kwetu, aliyekuwa anafuata vifaa. Tulikuwa tumeshafika tambarare, tunapita Mraru, jua liko usoni. Ng'ombe wakatokea vichakani. Si mmoja, kundi zima, na wa mbele akasimama katikati ya lami akiniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyepotea njia. Nilikata usukani kushoto. Gari liliingia mtaroni, likagonga ukuta wa daraja dogo la maji, na boneti ikakunjika.

Kisha nikamsikia mume wangu akisema, "Mimi niko sawa, wewe?" na damu inamchuruzika kwenye paji la uso. Fundi alitoka dirishani. Nyanya alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake, uso umekunjamana kwa maumivu, lakini alichouliza ni kama ndizi zimepondeka. Zilikuwa zimepondeka. Zilikuwa mpaka kwenye dari.

Polisi walikuja wakaandika yao, gari likavutwa hadi gereji Voi. Nilisikitika, ndiyo, lakini sikuogopa. Nilikuwa na bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe, na niliilipia bila kukosa. Nilimwambia mume wangu avumilie kidogo tu.

Mchunguzi wa bima alikuja Mghange siku ambayo sisi tulikuwa hospitalini. Niliambiwa alivaa viatu vilivyochongoka na kwamba alikuwa mpole sana. Alimtembelea Nyanya, alimtembelea fundi, akaandika, akaenda. Nilifurahi. Nilijua majirani zangu watanisemea vizuri.

Kumbe walinisemea vizuri kupita kiasi. Barua ilipokuja ilisema dai limekataliwa: gari la matumizi ya kibinafsi lilikuwa limebeba abiria wa kulipa.

Nilipandwa na hasira nikateremka Voi siku hiyohiyo. Afisa wa madai alikuwa kijana mtulivu, mtu wa bara kwa lafudhi yake, shati limepigwa pasi. Nilimfokea kama vile ni mwanafunzi wangu aliyechoma bweni. Aliningoja nimalize, kisha akanigeuzia karatasi.

"Mwalimu, si mimi nimesema. Ni watu wako. Huyu mama ameulizwa kama alitoa kitu ndio apande, akasema, 'Nilitoa, mimi sipandi gari ya mtu bure.' Fundi naye anasema wote hutoa, ni kawaida. Na wewe mwenyewe unajaza gari kila Jumanne na Ijumaa. Sasa hiyo si biashara?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba, nikapitiliza moja kwa moja hadi kwa Nyanya.

"Nyanya, ulimwambia yule mtu kwamba ulilipa?"

"Nilimwambia nilitoa." Mkono wake ulikuwa bado umefungwa bendeji. "Ulitaka niseme mimi ni wa kubebwa bure? Mbele ya mgeni?"

"Nilitaka useme hivyo hasa! Kwa sababu ya maneno yako gari haitengenezwi!"

Nikamwomba tuende Voi akaseme alipanda bure. Akasema tangu afiwe na mume amelea watoto wake bila kunyoosha mkono kwa mtu, na hawezi kwenda kujiita ombaomba ofisini ili iandikwe ibaki huko. Akaingia ndani. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa ananinyima kitu kidogo na mimi nilikuwa nakihitaji sana. Wala sikujua nitamwambia nini mume wangu.

Wiki zile zilikuwa mbaya. Mume wangu aliteremka kwa pikipiki hadi barabara kuu, nimemshika kwa nyuma asianguke, kisha tukangoja gari. Jioni ilikuwa kinyume chake, na kipande cha mwisho, ambacho baada ya mvua hata pikipiki ilikataa, alikitembea kwa miguu. Alikuwa akienda kidogo anakaa juu ya jiwe, anaenda kidogo anakaa. Halalamiki huyu mtu. Anafanya mzaha. Alisema sasa anayajua mawe yote ya Mghange, na lipi lina ubaridi zaidi. Mimi nilikuwa nageuka pembeni nalia, kwa kuwa nilimwona anapungua.

Jiwe moja liko mkabala na lango la Nyanya. Jioni moja alikaa pale muda mrefu, kichwa kimeinama, nami nimesimama na mfuko wa dawa. Nyanya alikuwa uani anaanua nguo. Alituona. Hakutoka, hakusalimia. Alisimama tu na nguo mkononi.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, amevaa gauni la kanisani, na kikapu kimefunikwa leso.

"Twende Voi," akasema. "Lakini nitasema kwa mdomo wangu. Usinifundishe."

Njia nzima sikumfundisha, ingawa ulimi uliniwasha.

Ofisini yule afisa aliinuka akampa kiti chake chenye mto, kwa sababu viti vya wateja vilikuwa vimejaa, na akamwagizia maji ya kunywa. Nyanya aliketi, akanywa, akapangusa mdomo. Kisha akakohoa na kusema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nimekuja kusema nilipanda bure."

Niliona neno hilo lilivyomgharimu. Afisa akachukua kalamu.

"Kwa hivyo ile mara ya kwanza ulidanganya, Nyanya?"

Sote wawili tulishtuka. Nyanya alinyoosha mgongo.

"Mimi? Sijadanganya mtu. Nilitoa!"

Nikafumba macho. Basi, nikajiambia, limekwisha.

"Ulitoa pesa ngapi?" afisa akauliza.

"Pesa gani? Nani amesema pesa? Nilitoa ndizi."

"Na kama hungekuwa na ndizi, mwalimu angekuacha barabarani?"

"Aniache kwa nini?" Nyanya alimwangalia kwa huruma, kama mtu asiye mzima. "Gari si inaenda tu?"

Hapo ndipo alipofunua kikapu. Akatoa fungu la ndizi za kisukari, zimeiva vizuri, limefungwa jani la mgomba, akaliweka juu ya meza ya afisa, juu kabisa ya faili langu. "Hizi ni zako," akasema.

Darini palikuwa na kamera. Mlangoni palikuwa na bango kubwa la kukataza hongo, nilikuwa nimelisoma wakati tunangoja. Nikajiona tayari nimepandishwa mahakamani Voi, mwalimu mstaafu, kwa kosa la ndizi.

Afisa naye alirudisha mikono nyuma kama aliyeguswa na moto. "Nyanya, hapana, tafadhali. Siwezi kupokea kitu. Niko kazini."

"Umenipa kiti chako. Umenipa maji. Niondoke hivihivi?"

"Lakini mimi siuzi kiti!"

"Na mimi nimesema nimekinunua?" Nyanya alikuwa ameudhika kweli. "Wewe kijana, kwenu ni wapi? Mama yako akienda kwa watu haachi kitu?"

Afisa alitazama ndizi, akanitazama mimi, kisha akatazama ile karatasi ya mchunguzi. Nikaona pembe za mdomo wake zinatetemeka. Akaanza kucheka, polepole, halafu kwa nguvu mpaka mwenzake wa meza ya pili akageuka.

"Mama yangu huacha viazi," akasema. "Hata kwa daktari."

Alimpigia fundi simu palepale, sauti imefunguliwa sote tusikie. "Fundi, siku ya ajali ulimlipa mwalimu nini?" Fundi akajibu bila kusita, "Avokado. Lakini zilikuwa hazijaiva, nilimwambia aziweke ndani ya unga." Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka na machozi yananitoka, sijui yalikuwa machozi gani.

Aliandika maelezo mapya, yote, mpaka unga. Nyanya akaweka kidole gumba. Zile ndizi afisa hakuzila. Alizipeleka kwenye viti vya wateja, akagawia kila aliyekuwa anangoja, yeye mwenyewe akashika jani tupu. Nyanya aliridhika. Alisema huyo kijana amelelewa.

Simu ilikuja wakati napalilia mahindi. Uamuzi wa kwanza umefutwa, gari litatengenezwa lote. Nilikaa chini pale pale shambani, kwenye udongo, nikashusha pumzi ambayo naona nilikuwa nimeishika tangu Mraru. Nilimwita mume wangu kwa sauti kubwa hata akadhani nimeumwa na nyoka.

Afisa aliniomba kitu kimoja, na aliniomba kwa wema. "Mwalimu, waambie watu wako wasiache chochote tena kwa gari. Hata yai. Mchunguzi mwingine hataelewa." Kwa hiyo Jumapili, baada ya ibada, niliomba nafasi nikawatangazia. Mtu apande, ashuke, aende. Walinisikiliza kwa heshima na hakuna aliyebisha.

Ijumaa ya kwanza baada ya gari kurudi, mume wangu alikaa mbele, kiti kimelazwa nyuma kidogo anavyopenda. Nyanya na fundi walipanda mikono mitupu, wamekaa wima kama wako mtihanini. Tukaenda Voi, tukarudi jioni, wakashuka, wakaniaga. Nilitazama nyuma. Kiti kilikuwa kisafi. Nilipaswa kufurahi, na badala yake nilijisikia vibaya, kama mtu aliyewafukuza wageni mlangoni. Niliwaza kwamba gari nimelipata na kitu kingine nimekipoteza, na kwamba hicho hakina bima.

Siku iliyofuata nililiosha. Nilipoinua zulia la nyuma nikagusa kitu laini. Jani la mgomba. Ndani yake ndizi za kisukari, zimesukumwa chini kabisa ya kiti, mahali ambapo ni mtu mwenye kuficha tu angefika. Nikafungua buti, nikainua kibao cha tairi la akiba. Avokado, zimezungushiwa gazeti, kila moja peke yake; sijui waliziweka saa ngapi. Nikatazama chini ya kiti cha mume wangu, na pale, ndani ya leso ya Nyanya, palikuwa na mayai, ambayo daktari hajayakataza.

Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na ndizi mapajani, nikalia na kucheka kwa pamoja. Mume wangu alitoka na mkongojo wake, akaangalia ndizi, akaangalia gari lililofunguliwa milango yote, akaelewa.

"Kula haraka," akaniambia, "kabla mchunguzi hajafika."